Kimya cha Yolima Arboleda

Daktari alimwambia Yolima Arboleda mambo mawili. Asitamke neno lolote kwa wiki nzima, hata kwa kunong'ona, maana kunong'ona huchosha koo kuliko kupiga kelele. Na atafute mahali penye miti na hewa safi akakae, kwa kuwa uchovu aliokuwa nao haukuwa wa koo peke yake. Agizo la kwanza lilikuwa gumu. La pili, kwa mtu anayeishi katika jiji la Cali, Kolombia, na mwenye ndugu, lilikaribia kuwa muhali.

Yolima ndiye sauti ya kituo cha mabasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekaa katika kibanda cha vioo juu ya ukumbi, akitangaza basi la Buenaventura, la Popayán na la Tuluá, watoto waliopotea na mizigo iliyosahaulika. Wako abiria wanaodai kumfahamu ingawa hawajawahi kumtia machoni. Mwezi wa Agosti sauti ilianza kukwaruza, kisha ikakatika katikati ya tangazo la basi la Pasto. Msimamizi wake, mtu mpole asiyependa lawama, alimweleza kwamba ofisi imenunua mashine ya kutangaza. Asipoweza kusoma tangazo la kwanza Jumatatu ijayo asubuhi, mashine itashika kazi. Akamwomba asilichukulie vibaya. Yolima hakuweza kujibu, na msimamizi akahesabu kuwa wameelewana.

Mahali pa kwenda alipajua tangu utotoni: Mto Pance, sehemu ya juu, ambako maji baridi kutoka milimani hupita kati ya mawe makubwa kama magari, na mianzi hufunika jua. Alipanga kwenda Alhamisi, kwa basi, na taulo na mkate. Kosa lake lilikuwa moja tu. Mama yake, Bi Leonilde, alimkuta akikunja taulo, na Yolima akamwonyesha kwa kidole upande wa milima.

Cali mtu haendi mtoni. Cali watu huenda mtoni, kwa wingi, na sufuria kubwa, kuni na kuku wa kienyeji, wapike sancocho, ile supu nzito ya kuku, ndizi mbichi na muhogo, ukingoni hadi jioni. Anayekwenda peke yake ama ana mpenzi wa siri, ama ana deni, ama amechoka na maisha. Bi Leonilde alimtazama bintiye kwa jicho la mtu anayechagua kati ya hayo matatu.

"Peke yako, mwanangu? Watu watasema umeachwa."

Yolima aliachwa miaka mingi iliyopita, na watu walikwisha kusema mpaka wakachoka. Lakini hilo nalo lilihitaji sauti. Kabla ya jua kuzama Bi Leonilde alikuwa amempigia simu dada yake Yolima, Ofir, na Ofir alikuwa amemwambia mumewe, Heberth, na safari ilikuwa imehamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumapili, kwa sababu Alhamisi Heberth alikuwa kazini. Yolima alitikisa kichwa, akakunja mikono, akaweka kiganja kifuani kuonyesha kwamba ni yeye, yeye mmoja. Ofir aliguswa sana. Alieleza kwamba dada yake anawashukuru wote kutoka moyoni.

Jumapili walifika Pance na sufuria, viti vya plastiki, watoto watatu wa Ofir, na spika ya Heberth iliyokaa kwenye kiti chake peke yake kama mgeni wa heshima. Waliweka mafiga juu ya ukingo, muziki ukafunguliwa, na Yolima akapewa kisu na rundo la ndizi mbichi, eti kumenya ndizi hakuhitaji mdomo. Kila aliyepita alimuuliza kama koo linauma, kisha akamwambia asijibu. Bi Leonilde alimnywesha maji moto ya sukari guru na limau, kikombe juu ya kikombe, huku akimkaripia kwa kutosema kama yanafaa.

Heberth ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alivuta kiti chake karibu. "Shemeji, nimeingoja siku hii tangu harusi yangu," alisema. "Leo nitasema yote yaliyo moyoni mwangu, nawe utanyamaza."

Na kweli aliyasema yote, kuanzia zawadi ya harusi. Yolima alimenya ndizi kwa nguvu kiasi kwamba nusu ya ndizi ilikwenda na ganda.

Alipomaliza aliinuka, akapanda na mto bila kuaga. Nyuma ya jiwe kubwa alipata mahali pa kukaa, miguu ndani ya maji. Muziki ulimfuata, lakini maji yaliumeza kidogo kidogo. Ndege mmoja mwenye mgongo wa buluu alikuja kunywa. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti mabega ya Yolima yalishuka kutoka masikioni. Alifikiria Jumatatu, na kwa muda mfupi hakuiogopa.

Kisha maji yalibadilika rangi. Muda mfupi uliopita alikuwa akihesabu vidole vyake vya miguu; sasa havikuonekana. Majani makavu na vijiti vilikuwa vikishuka, na harufu ya udongo mbichi ikaja pamoja navyo. Huko milimani mvua ilikuwa imenyesha, na mto ulikuwa ukijaa.

Alikimbia kushuka ukingoni. Watoto walikuwa katikati ya mto, Ofir akiwapiga picha, Heberth akiwa amelala majini kama kiboko. Yolima alifungua mdomo na kusukuma kwa nguvu zote. Upepo mtupu ulitoka. Alipunga mikono, Ofir naye akapunga, akampiga picha. Aliuonyesha mto kwa kidole. Heberth aliinua dole gumba, kwamba ndiyo, maji ni mazuri.

Yolima alichukua upawa, akaanza kugonga sufuria.

Katika ukoo huo sufuria ikigongwa maana yake ni moja. Watoto walitoka majini wakisukumana. Heberth alitoka akiwa na sahani mkononi, na mpaka leo hakuna anayejua aliitoa wapi. Bi Leonilde alifunua kifuniko, akachoma muhogo kwa uma, akamgeukia bintiye kwa hasira.

"Muhogo bado mgumu. Nani alikuambia uwaite watu?"

Jibu lilikuja lenyewe. Mto ulishuka kwa kishindo, wa kahawia, ukiwa umebeba magogo. Ulichukua viti, ndala za Ofir, na ile spika, iliyokwenda ikiimba hadi kwenye kona ya kwanza.

Ofir aliwashika watoto wake wote kwa pamoja. Walikula wamesimama, wakitazama maji, na hata Heberth hakupata la kusema. Yolima alijilaza kwenye nyasi chini ya mianzi, akafumba macho. Ilikuwa ndiyo saa aliyoagizwa na daktari, na ilihitaji familia nzima inusurike kuzama ndipo aipate. Alilala usingizi mzito mpaka kivuli kikahama.

Jumatatu asubuhi alikaa mbele ya kipaza sauti, msimamizi akiwa amesimama mlangoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito kuliko ya zamani, na ilikwaruza mwishoni, lakini basi la Buenaventura lilitangazwa na abiria wake walipanga foleni. Mashine ilirudishwa kwenye boksi lake. Nyumbani wote walikubaliana kwamba dawa ilikuwa supu, na kwamba sasa lazima aende mtoni kila Jumapili pamoja nao. Mama yake Heberth naye angependa kuja.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, Yolima alitoka kimyakimya na taulo ndani ya mkoba wa kazini. Alirudi alasiri. Bi Leonilde alimshika nywele, zilikuwa mbichi.

"Umetoka mtoni."

"Ndiyo, mama."

"Umekula nini huko?"

"Mkate wa jibini."

Bi Leonilde alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Hakumsemesha tena mpaka Jumamosi, na zile siku mbili Yolima alizitumia vizuri.