Goti, Hema na Paa la Nailoni: Kwa Miguu kutoka Tlawi hadi Gendabi

Nilitaka kumwona dada yangu Gendabi, na nilitaka kufika kwa miguu. Hiyo ndiyo sababu ya safari, wala sina nyingine ya kuikuza. Dada Theresia aliolewa Hanang tangu ujana wetu, na basi la kwenda kwake nalijua vizuri. Hunifikisha nikiwa nimechoka na sijaona kitu. Kwa miguu nafika nimechoka vilevile, lakini nimeona kila kitu. Tangu watoto watoke nyumbani nimekuwa nikizunguka vilima vya Mbulu na kulala porini, na majirani zangu wa Tlawi wameshazoea kuniona nikipita na mzigo mgongoni. Wengine husema mke wa fundi ana wazimu kidogo. Sibishani nao.

Taabu ni kwamba safari iliyotangulia ilinirudisha juu ya bodaboda. Nilifika Masieda tu, goti la kulia likavimba kama boga. Mganga wa zahanati alilibonyeza, akaniuliza nilikuwa nabeba nini. Nilipomwonyesha akasema goti halina ugonjwa, lina mzigo.

Mzigo wenyewe ni hema. Alilishona mume wangu, Baba Agnes, ambaye kazi yake ni kushona maturubai ya sherehe na nguo za watu, na alitumia kitambaa kilekile kinachofunika harusi na misiba ya huku kwetu. Hema lile lina madirisha mawili, lina kibaraza cha kuvulia viatu, na nguzo zake ni za bomba la chuma. Alinishonea kwa mapenzi, nami nililibeba kwa mapenzi, mpaka goti likasema basi.

Safari hii nikamwambia hema linabaki. Rafiki yangu mmoja anayepandisha wageni milimani alinipa kipande cha nailoni, chembamba kama kitambaa cha mwavuli, kikikunjwa kinaingia ndani ya sufuria ndogo. Hakina ukuta, hakina sakafu, hakina mlango. Ni paa tupu. Unafunga kamba kwenye pembe, unasimamisha fimbo yako ya kutembelea iwe nguzo, chini unatandika plastiki na kuning'iniza chandarua, umemaliza.

Baba Agnes alikigusa kwa vidole viwili, kama fundi anavyogusa kazi ya fundi mwingine.

"Hii ni bitana, Mama Agnes," alisema. "Nguo yenyewe iko wapi?"

"Nguo yenyewe imeniharibu goti."

"Basi nakuja. Hema nitabeba mimi. Mvua ikikunyeshea utabisha hodi kwangu."

Kisha akavuta tepu yake ya kupimia, ile inayokaa shingoni mwake hata kanisani, akaizungusha kwenye goti langu, akaitia tepu alama ya chaki. Tukakubaliana: tukirudi goti likiwa limepita ile alama, viatu vyangu vya safari vinatafutiwa mtu mwingine, nami nitakuwa naenda Gendabi kwa basi kama watu wote. Nilikubali upesi ili asione kwamba nimeogopa. Kwa umri wangu huu wa miaka hamsini na ushee, kitu kingine kinachonifurahisha kama kutembea sikijui.

Alfajiri tukaondoka Tlawi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya ngano na maharage, na kila tuliyekutana naye njiani alitaka kujua fundi anakwenda kufunga turubai kwenye harusi ya nani. Baba Agnes alijibu kwa uchangamfu mpaka jua lilipopanda. Baada ya hapo akawa anajibu kwa kichwa. Mimi nilikuwa natembea huku naimba. Mgongoni nilikuwa na blanketi, unga, sufuria na lile paa langu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliviona vilima vyetu badala ya kuona vidole vya miguu yangu.

"Lete nguzo moja nikusaidie," nilimwambia tulipopumzika.

"Mzigo si mzito."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa kwake nilikuwa nimeubeba, kwa hiyo sikudanganyika. Lakini niliinuka tukaendelea. Mwanamume aliyeamua kubeba kitu chake aachwe abebe.

Jioni tulifika Masieda, kwenye boma la mama mmoja aitwaye Mama Qwaray, ambaye shamba lake linapakana na kijito. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kuhusu paa lisilo na ukuta: huwezi kulisimamisha bila kuuliza watu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, nikamwuliza upepo wa hapa unatoka wapi.

"Unatoka kule kwenye mikaratusi," alisema. "Lakini wewe upepo wa nini? Nyumba si hii hapa?"

Ikabidi tujadiliane. Kwake yeye mgeni kulala nje ilhali nyumba ipo ni kumtangaza mwenyeji kwamba ni mchoyo. Tukapatana kwamba tutakula ndani, na paa langu nitalifunga kwenye nguzo ya ghala lake la mahindi, ili akiulizwa aseme nililala kwake. Alileta mabua makavu ya kulalia, akainama akachungulia chini ya nailoni, na kabla sijamkaribisha alikuwa ameshakaa kitako tunaongea habari za mbegu na za wakwe. Baba Agnes alikuwa bado anagonga vigingi kwa jiwe.

Asubuhi Mama Qwaray alikuja na uji. Mimi alinipa mkononi nikiwa nimelala. Kisha akazunguka hema la mume wangu, mara moja, mara ya pili, kikombe mkononi.

"Baba, hapa mtu anabisha hodi wapi?" aliuliza. "Hii nyumba yako ni nguo kila upande."

Kutoka ndani nilisikia zipu ikihangaika. Ilikuwa imekwama. Uji ulipoa.

Siku ya pili ni mteremko, nusu yake mawe na nusu yake vumbi la kuteleza, na mbele yako Mlima Hanang umekaa peke yake uwandani. Baba Agnes aliteleza, akakaa, akaamka, akateleza tena. Alikuwa amekunjamana uso. Nilijua nikiomba atakataa, kwa hiyo sikuomba. Nilichomoa zile nguzo za chuma kutoka kwenye mzigo wake nikaziweka begani. Alinitazama, halafu akatazama goti langu.

"Mama Agnes, alama ya chaki."

"Naikumbuka. Twende."

Ulikuwa ujinga, lakini ujinga wa huruma. Kabla ya kufika chini goti lilianza kusema kwa ile sauti ninayoifahamu, kama bawaba iliyokosa mafuta, na nilipata woga wa kweli. Nilijiona ndani ya basi, nimekumbatia mkoba, nimefunga dirisha kuzuia vumbi, kila mwaka mpaka nizeeke. Nilimrudishia nguzo zake, naye akazipokea.

Saa za jioni tukawa kwenye uwanda upande wa Gendabi. Hapa wakulima na wafugaji ni majirani. Ukipita shamba la mtu unapita malisho ya mwingine. Baba Agnes ndiye aliyechagua pa kulala. Palikuwa tambarare, majani mafupi, hakuna jiwe, kati ya migunga miwili iliyokaa vizuri kabisa.

"Hapa pamefagiliwa," alisema.

Palikuwa pamefagiliwa kweli. Mimi nina ng'ombe wawili nyumbani na nilipaswa kujiuliza ni nani aliyepafagia. Na hatukwenda kwanza kwenye boma ambalo moshi wake tulikuwa tunauona ng'ambo ya pale. Huko kwetu huwezi kukata kona ya ua wa jirani bila kumwamkia, lakini tulipofika uwandani tulipaona ni pori, na pori tukadhani halina mwenyewe. Akafungua hema, nami nikafunga paa langu. Alikuwa anapiga kigingi cha mwisho tuliposikia kengele.

Ng'ombe walikuwa wanarudi nyumbani. Kundi zima, wenye pembe ndefu na matumbo yaliyojaa, walikuja kwa mwendo wao wa jioni usio na haraka wala breki, nasi tulikuwa katikati ya njia yao. Nilivuta mafundo mawili, paa likaanguka, nikalikusanya kifuani kama kanga iliyotoka kwenye kamba. Baba Agnes alikuwa anang'oa vigingi alivyovigonga kwa nguvu zote za ufundi wake.

"Viache!" nilipiga kelele. "Beba hivyohivyo!"

Tukashika hema likiwa limesimama, yeye mbele mimi nyuma, tukaanza kulikimbiza pembeni kama watu waliobeba jeneza la mtu mnene. Kigingi kimoja kikagoma. Dume moja jekundu likapitisha pembe dirishani, likashangaa, likatikisa kichwa, na dirisha likaenda nalo. Kitambaa kilichofunika harusi nyingi kikachanika mpaka kibarazani. Ng'ombe wengine walipita pande zote mbili bila hata kutugeukia.

Nyuma yao alikuja mwenye mali, Gidamis, mtu wa rika la mume wangu, amejifunga shuka na kushika fimbo. Alilifukuza lile dume, akalichomoa dirisha kwenye pembe yake na kulirudisha kwa heshima.

"Ng'ombe hawa njia yao hawaibadilishi," alisema. "Nyie mmetoka wapi, mkajenga barabarani?"

"Mbulu," nilisema kwa aibu.

"Mbulu kuna watu wa adabu. Kwa nini hamkuja nyumbani kwanza? Mngeuliza, ningewaambia."

Hakusubiri jibu. Akaangalia wingu lililotanda juu ya mlima, akatuambia mvua inakuja, tumfuate. Alituonyesha mahali nyuma ya ua wa miiba wa boma lake, akanionyesha kwa fimbo mahali pa kuufunga mgongo wa paa. "Mgongo uuelekeze mlimani. Huku chini shusha mpaka majani yaguse." Nilifanya kama alivyosema. Mvua ilipoanza tulikuwa chini yake sote wawili, mimi na fundi wa maturubai, tumebanana chini ya kile alichokiita bitana. Miguu yake ililowa kwa sababu ni mrefu kuliko nailoni. Vingine vyote vilibaki vikavu. Gidamis alikuja amejifunika gunia, akachuchumaa ukingoni, na mke wake akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Tulimwona akija tangu mlangoni kwake. Hakuna aliyetafuta mahali pa kubisha hodi.

"Goti?" aliniuliza Baba Agnes mvua ilipopungua.

"Linauma kidogo."

"Ni nguzo zangu."

"Ni nguzo zako."

Akacheka, ndipo nikajua hakukasirika. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu tulipoondoka nilikuwa nikitembea mwepesi mgongoni na mzito moyoni, kwa sababu hema lile lilikuwa zawadi, na zawadi ya mtu huwezi kuiacha nyumbani kama ndoo iliyotoboka.

Asubuhi ndama wawili walikuwa wamejikunyata kando ya ua, wamelowa. Baba Agnes aliwatazama muda mrefu. Kisha akatoa sindano na uzi, vitu ambavyo hata porini havimwachi, akashona ule mpasuko, akamwomba Gidamis ruhusa. Wakasimamisha hema kwenye kona ya boma, na wale ndama wakaingia kupitia pale palipokuwa dirisha. Mlangoni hawakuhangaika na zipu.

"Lina kibaraza," alimweleza Gidamis kwa fahari. "Hata kama hawana viatu."

Gendabi tulifika kabla ya mchana, mikono mitupu kiasi kwamba Dada Theresia aliangalia nyuma yetu kuona mizigo iko wapi. Alininyanyua akinikumbatia, akanikalisha, akanikanda goti kwa maji ya moto, na nilimweleza yote huku shemeji akicheka mpaka akatoka nje. Tulikaa kwake siku chache. Kurudi tulipanda basi, kwa sababu cherehani ilikuwa inasubiriwa na watu, na nakiri kiti kilikuwa kitamu.

Nilichokipata njiani nitakisema kwa ufupi. Paa la nailoni nililichagua kwa ajili ya goti, na kwa uzito wake halina mpinzani. Lakini uwe tayari: litakulazimisha kuuliza upepo, kuuliza maji yanapita wapi, kuuliza ng'ombe wanalala wapi. Hema lenye mlango hukufanya ujione umefika kwako hata ukiwa kwa watu. Mimi na mume wangu tulijenga barabarani kwa sababu hiyo tu. Siku hizi nikifika mahali, naamkia kwanza, kamba baadaye.

Tulipofika Tlawi, Baba Agnes hakuvua hata koti. Aliniita karakanani, mbele ya mama mmoja aliyekuja kufuata sare za shule, akanikalisha kwenye kigoda na kuzungusha tepu kwenye goti. Akaivuta, akailegeza, akaivuta tena. Alama ya chaki ilikuwa imefifia kwa jasho la shingo yake, lakini ilionekana, na goti lilikuwa limeishia palepale.

Alikwenda kwenye rafu, akateremsha bunda la nailoni nyembamba, akalikunjua sakafuni. Halafu akavua viatu, akalala chali juu yake, mtu mzima na koti lake, akanyoosha miguu yote.

"Njoo ulale hapa kando," aliniambia.

Yule mama wa sare aligeukia ukuta kwa heshima. Nikalala. Baba Agnes akanipa ncha ya tepu.

"Shika hapo," alisema. "Safari hii napima na miguu yangu."