Tambi za Chumvi na Mtani wa Stendi

Kaka yangu aliposhushwa kwenye lori pale Kibiti, niliendelea kumtafuta nyuma ya yule mtu aliyeshushwa. Sikumtambua. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba boriti za mikoko kule Mbuchi, na pumzi ikambakia ya kumtukana nahodha. Sasa ilikuwa kama shati ndilo lililomvaa yeye. Niliwaambia majirani kwamba upepo wa lori lingine ungemfikisha Mbwara bila nauli. Wakacheka, nami nikacheka. Mtu kama mimi, aliyemaliza shule ya jioni, akapewa cheti mbele ya kata nzima, halii stendi.

Hospitali walimpima, wakasema hawaoni kitu, ale tu. Ale! Nyumbani mke wangu alipika wali wa nazi ambao harufu yake ingemwamsha maiti wa Utete. Akachinja na kuku aliyekuwa anataga. Kaka alinawa, akafinyanga tonge, akalirudisha sahanini. Vyakula alivyovijua tangu utoto ndivyo vilivyomkinaisha. Nikaona basi aonje vya kigeni, maana asipokula nitampeleka Mbuchi ndani ya sanda.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Stendi ilikuwa imepasuka kama boga lililoanguka darini, kila kitu nje: mitumba, redio, sabuni zinazonukia maua ambayo hayajawahi kuota katika ardhi ya Mungu. Na vibanda vya mama ntilie vilijipanga barabarani hadi nikadhani vitafika Lindi.

Kibanda tulichokizoea kilikuwa cha mama mmoja wa Kinyamwezi, aliyemfuata mumewe fundi wa malori. Sisi Wandengereko na Wanyamwezi ni watani, tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe. Mtani hana adabu kwako na hatakiwi kuwa nayo. Atakuvua kofia mbele ya wakwe zako, na ukifa ataziba mlango, jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo.

Siku ya kwanza alimtazama kaka kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Mtani, umekuja kula," alisema, "au nikusogeze jikoni uwe kuni?"

Kaka akamjibu kwamba babu yake alibeba pembe hadi pwani akasahau njia ya kurudi, ndiyo maana mjukuu anauza supu ugenini. Tangu afike, ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikiwa na uhai.

Tukawa tunakwenda kila asubuhi. Yule mama alikuwa na masufuria ya supu ambayo hata shetani angeyapitia mbali. Kulikuwa na kongoro la miguu ya ng'ombe lililochemshwa na mizizi, jeusi kama oili chafu ya mumewe. Kulikuwa na ya majani ya mlonge. Ya mwarobaini ilikuwa chungu kiasi kwamba nilipoonja, meno ya babu yangu kaburini yalikaza. Siku moja akaleta iliyotiwa gome la mkomafi, aina ya mkoko wa kwetu deltani. Kaka akalishika bakuli akalitazama muda mrefu, akasema amekata mikoko ujana wake wote, na leo mikoko imekuja kumdai. Akanywa funda, akatapika nyuma ya kibanda. Mtani akamwambia akifa kwa supu yake atadai jogoo wawili.

Kisha zikaja tambi za pakiti. Niliitwa mimi nisome, kwa sababu ya cheti. Maandishi ya kigeni yalikuwa kama kunguru waliotua kwenye matope. Nikatangaza kwamba yanasema zipikwe. Nani asiyejua tambi? Kwetu ni chakula cha futari na sikukuu: tui, sukari, iliki. Yule mama akazitupa ndani ya supu ya kongoro na mizizi, akatia chumvi na pilipili. Nikasema huu ni msiba. Nikaomba sukari, nikamiminia bakuli langu, na kilichotokea mdomoni sitakielezea mbele za watu. Kaka alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Halafu akavuta bakuli lake, akala. Akala nusu bakuli! Mtani akasema, "Tazama, kuni imemea." Siku ile nilirudi nyumbani kama niliyeshinda bahati nasibu.

Hakula tena vile. Kesho yake alikula vijiko vichache, na siku zilizofuata alinusa tu mvuke. Nikaanza kumwegemeza tunapotembea, kisha nikawa nambeba mgongoni, mimi niliyekuwa nikibebwa naye kuvuka matope. Sikusikia uzito. Hilo silitii chumvi.

Asubuhi ya mwisho nilimkalisha kwenye benchi nikangoja tusi. Yule mama alimtazama. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja na bakuli mwenyewe, akachuchumaa mbele yake.

"Pole, kaka yangu," alisema. "Kunywa taratibu."

Kaka hakuligusa lile bakuli. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Umesikia? Mtani ananionea huruma. Nirudishe nyumbani."

Nilimwambia kaka kwamba mama wa watu amechoka tu, ana homa, amegombana na mumewe. Nilimtungia sababu njia nzima. Alikuwa ameegemeza kidevu begani kwangu. Tangu siku ile hakutia kitu mdomoni ila maji.

Siku ya mazishi yule mama alikuja mapema, akasimama mlangoni. Wazee walikuwa wamekwisha kumfungia jogoo pembeni, maana mila ni mila. Tuliponyanyua jeneza tulijiandaa kuzuiwa. Mimi nilikuwa mbele, na nilimwomba Mungu yule mama atuzuie hata kwa muda wa kumeza mate, atutukane, amwite kaka kuni.

Akasogea pembeni, akajifunika uso kwa kanga. Mlango ulikuwa wazi, tukapita.