Baba alienda mgowe kwa kompyuta, kumbe kontena langu linafuta kila alicholima

Wakuu, kamwene.

Hii siyo chai. Ni ya nyumbani kwetu Nyololo, na asiyeamini aje nimwonyeshe kompyuta yenyewe, ipo sebuleni imefunikwa kitambaa cha mama.

Mimi ni fundi kompyuta, naishi Mbeya. Mwaka jana niliwapelekea wazee kompyuta used ya ofisini. Mama anaandikia nyimbo za kwaya, baba anaangalia taarifa ya habari.

Sasa kuna hizi programu za kujitolea, wengine mnazijua. Watafiti wana hesabu kubwa mno, wanazikata vipande, kompyuta yako inachukua kipande, inakokotoa, inarudisha kwenye seva yao. Hulipwi. Mimi nachangia utafiti wa dawa za watoto wenye saratani.

Nikaiweka na kwa wazee, ila ndani ya kontena, maana sikutaka kitu cha mtandaoni kichanganyike na nyimbo za kwaya. Kontena ni kama chumba cha mgeni, anafanya mambo yake humo humo, vyombo vyenu hagusi.

Baba akauliza inafanya nini. Nikamweleza. Akasema, "Kumbe ni mgowe."

Kwa wasiojua, mgowe kwetu Wahehe ni watu kukusanyika kumlimia mwenzao. Ukilimiwa, na wewe unatoka ukiitwa.

Miaka ya sabini, mimi sijazaliwa, baba alikuwa anapakia magogo kule Mafinga. Gogo moja likaviringika likamvunja mguu. Mvua za kwanza zikamkuta kitandani.

Jirani yake, Ambakisye, Mnyakyusa aliyehamia pale kijijini kwa kazi ya mbao, akapita nyumba kwa nyumba kuita watu. Shamba lote likalimwa na mahindi yakapandwa.

Mguu haukupona vizuri. Baba hakuweza tena kushika jembe siku nzima. Ambakisye alishafariki, na baba hakuwahi kumlimia hata tuta moja. Miaka yote hiyo limemkaa rohoni, sisi watoto wala hatujui.

"Mwanangu, hapo kwenye jina andika Ambakisye," akasema. "Kusimamia nitasimamia mimi."

Nikamtengenezea kitufe, akibonyeza asubuhi kontena linawaka. Nikarudi Mbeya.

Kila nikipiga simu, swali ni hilo hilo: "Kazi ya Ambakisye imefika?"

Haijafika. Wiki zinapita, sifuri. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Labda na huko wameuona mguu wangu."

Wakuu, iliniuma sana. Nilikaa tu dukani, mteja ananisemesha hata simsikii.

Nikafungua tovuti ya watafiti. Nikakuta kompyuta chungu nzima chini ya jina la Ambakisye, wakati nyumbani ipo moja! Kila moja ilichukua kipande cha kazi ikapotea nacho.

Nikampigia. "Baba, hiyo mashine jioni unaifanyaje?"

"Si naizima. Jua likizama watu wanaweka majembe chini. Wewe utawalimisha watu gizani?"

Hapo ndiyo nikaelewa. Kile kitufe kilikuwa kinawasha kontena kwa amri yenye --rm, na volume, yaani folda ya nje ya kutunzia kazi, sikuweka. Yaani likizimwa linafutwa pamoja na kazi yote iliyomo. Asubuhi linaanza jipya, linajisajili kama kompyuta ngeni na kupewa kipande kingine. Na kwa mashine ile kipande kimoja kinakula siku kadhaa. Mzee wa watu alikuwa anaanza upya kila asubuhi.

Ningeweza kumwambia asiizime. Sikuthubutu.

Jumamosi nikapanda basi, nikaweka folda nje ya kontena ya kutunzia kazi, ili kila likiwashwa liendelee lilipoishia. Azime jua likizama kama anavyotaka.

Juzi nimefungua ukurasa, nikakuta: Ambakisye, kazi moja imekubaliwa. Nikapiga simu hapo hapo.

Nikamwambia baba kazi ya Ambakisye imefika. Akasema, "Basi nimemlimia."

Nikasikia mama anamuuliza mbona unalia. Na mimi huku Mbeya nilikuwa nalia, sina cha kuficha.

Funzo kwa mafundi wenzangu: weka volume kabla hujamkabidhi mtu kontena. Na mtu akizima mashine usikimbilie kumfokea, muulize kwanza kwa nini anaizima.

Sasa wakuu, naomba msaada. Baba anasema siku ile shamba lilijaa watu, na wengi wao wameshatangulia. Jana kanitajia majina yao mmoja mmoja, anataka awalimie wote. Mwenye kujua namna ya kuendesha akaunti nyingi kwenye mashine moja ndogo aandike hapa chini. Mzee umri umeenda, na kila jioni lazima aizime.