Nilimlisha Makongoro Mhudumu Asiyekula Nyama

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Na mimi ni mtu niliyekuwa nikisema hakuna jambo duniani la kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na karai moja la mihogo pale Nguvumali, leo nina mgahawa wa meza kumi na mbili hapa Tanga mjini, na sikushikwa mkono na mtu. Binadamu nimewaona wa kila namna.

Nilikuwa na mhudumu, nimwite Zuhura, mama wa watoto wawili, mtu wa Maramba. Zuhura hali nyama, hali samaki. Kwenye msiba wa baba yake walichinja ng'ombe ambaye Zuhura mwenyewe alikuwa akimchunga, na tangu siku ile nyama haipiti kooni mwake. Mimi nilimcheka sana. "Mtu unauza pilau ya nyama na wewe mwenyewe unaiogopa?"

"Naibeba tu bosi, siili," alikuwa akinijibu, na sinia lake begani.

Kumbe yule ndiye aliyekuwa riziki yangu. Watu wasiokula nyama, wengi wao familia za Kihindi, walikuja kwa ajili yake. Kila siku saa sita mchana Zuhura alipakua maharage ya nazi kwenye sufuria ileile ya wateja, akakaa meza ya mbele na kula. Wakimwona anakula, nao wanaagiza. Hawakuniuliza mimi hata siku moja.

Nazi zikapanda bei. Nikapunguza tui, maharage yakawa maji. Basi alfajiri, kabla wafanyakazi hawajafika, nikawa namimina humo pawa tatu za supu ya makongoro, ile ya miguu ya ng'ombe. Yakawa mazito, yananukia. Nikajiona mjanja.

"Siku hizi maharage yamekolea, bosi," Zuhura akaniambia. Nikaendelea kuhesabu pesa.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Siku moja nimekaa na marafiki zangu, tunataniana, sifa zikanipanda kichwani. Zuhura anapita na sinia, nikamwambia kwa sauti: "Huyu mnayemwona hali nyama, mwezi mzima namnywesha makongoro, na kanenepa."

Wenzangu wakacheka. Zuhura hakucheka. Akaliweka sinia chini taratibu, akaenda meza ya bibi mmoja wa Kihindi, mtu mzima, ambaye tangu kuzaliwa hajaonja nyama. Sahani yake ilikuwa nusu.

"Mama, nisamehe. Nilikuambia hayana nyama. Yanayo."

"Wewe ulijua, mwanangu?"

"Sikujua. Lakini mimi ndiye niliyekuhakikishia."

Yule bibi akachukua glasi ya maji, akatoka nje, akawa anasukutua. Anasukutua na kulia. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

"We Zuhura, unanifukuzia wateja?" nikasema. Ndiyo, hilo ndilo nililopata kusema.

"Umewadanganya kwa mdomo wangu, bosi." Akavua aproni, akaikunja, akaondoka. Jioni ile alipita nyumba za wateja wale, moja baada ya nyingine, akiwaomba radhi, kwa kosa ambalo si lake.

Nilimfuata Maramba baada ya wiki mbili. Nilidhani atanitukana. Akaniamkia shikamoo, akanitandikia mkeka, akaniletea wali na maharage. Nikala.

"Umeniuliza nimeweka nini humo?" akaniambia.

"Sikukuuliza."

"Na mimi sikukuuliza. Kula, bosi, gari la mwisho lisikuache."

Sikuweza kumaliza ile sahani. Kazini hakurudi, wala simlaumu.

Wewe mwenye hoteli, mwenye genge, hata wewe unayepikia wageni nyumbani: mtu akikwambia kitu hiki sili, usimpime wala usimfanyie mzaha. Hujui kakiacha kwa sababu gani. Ukishamlisha kwa hila huwezi kukitoa tena, na msamaha wako haumsaidii kitu.

Yule bibi alikuwa amenipa kazi ya chakula cha siku tatu cha harusi ya mjukuu wake, chote bila nyama, Zuhura asimamie. Kesho yake baada ya siku ile ya kusukutua, mwanawe akaja kuchukua arbuni waliyokuwa wametanguliza. Alihesabu pesa bila kuniangalia usoni. Kazi ile ilikuwa ya shilingi milioni tatu, laki nane na sitini na tano elfu.