Majina Matano

Leo nimekuta mtu analipima darasa letu kwa futi kamba.

Hapa ughaibuni, chuoni Aston, kila Jumatano tunajaa humo watu wazima kumi na tisa, wa kwanza kusoma chuo kwenye koo zetu, tukifundishwa hesabu za ziada bure.

"Karatasi ya mahudhurio inasema mko wanne," mwalimu akatuambia. "Wakuu wa chuo wanataka kulifunga darasa hili. Andikeni majina leo."

Mtihani umebaki wiki tano.

Na mimi ndiye niliyewaonya wenzangu: msisaini kitu, nchi hii jina likiandikwa linakufuata.

Nikasaini wa kwanza. Nikampa kalamu Mama Salma, mwenzangu aliyekaa kando yangu.

"Kaka, si wewe uliyetukataza?"

Kalamu ikazunguka, ikarudi. Majina matano: wale wanne wanaosaini siku zote na mimi.

Nyinyi mngesaini?