Kanuni Iliyokata Jina la Baba

Ofisini tulimwita Mama Kanuni, na jina hilo alilipenda mpaka siku baba yake alipompigia simu kutoka kwenye foleni ya vitambulisho.

Alikuwa mwanamke wa kwanza chuoni kwetu kukabidhiwa chumba cha kompyuta. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vibovu: dirisha moja, feni inayolalamika, na waya wa simu uliofichwa chini ya zulia ili wakubwa wasijikwae. Kwa waya huo alituma barua pepe ya kwanza ya chuo, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Wenzake wa kiume walizoea kumwita aje kutoa karatasi zilizokwama kwenye mashine ya kuchapa, wakidhani ndiyo kazi aliyoajiriwa. Hakubishana nao. Alikuwa ameanza kuandikiana na wahandisi wa nchi nyingi waliokuwa wakitunga taratibu za kuzifanya kompyuta zote zielewane, na baadaye wakamchagua awe mhariri wa kanuni moja: namna kompyuta zitakavyopelekeana majina ya watu. Jina likitoka benki kwenda hospitali, lifike lilivyo.

Katika kundi lile mwanamke alikuwa peke yake. Na kutoka pande za kwao, alikuwa peke yake vilevile.

Sasa, jina la ukoo wao lina ile ng' ya ng'ombe, yenye kialama kinachoning'inia juu. Baba yake alikuwa mchora mabango. Alipoandika jina lake pembeni mwa ubao, kialama alikiacha mwisho, akakiweka kwa ncha ya brashi, kisha akarudi nyuma kidogo kukitazama. Binti hakukipenda hivyo. Shuleni watoto walikuwa wakimlilia kama ng'ombe kila jina lake liliposomwa.

Mashine za wakati ule nazo hazikukipenda. Kwenye programu nyingi kialama hicho kilimaanisha kwamba maneno yameishia hapo, kwa hiyo jina lilikatika katikati na kazi yote ikagoma. Kulikuwa na njia ndefu ya kuzifundisha mashine zikitambue, na njia fupi ya kukipiga marufuku. Kundi likaegemea njia fupi. Mhandisi mmoja wa mbali akaandika kwa adabu kuomba wasifanye haraka, kwa sababu kwao kuna majina ambayo bila alama hayatamkiki.

Mama Kanuni alijua kabisa mtu yule anasema nini. Lakini aliogopa kwamba akimuunga mkono wataona ameleta ya kwao kikaoni. Akamjibu mbele ya wote kwamba kundi lao linaunganisha kompyuta, halifundishi watu imla. Wakacheka, wakamsifu kwa kusema wazi. Kanuni ikapita, na juu ya ukurasa wa kwanza jina lake likachapwa bila kialama.

Ilienea kuliko walivyotarajia. Mabenki yakaifuata, mashule, ofisi za serikali. Akaanza kualikwa huku na huko kuhutubia. Baba yake hakuelewa kazi ile hata kidogo, ila alitembea nayo mdomoni. Kinyozi na muuza magazeti wote walijua kwamba kompyuta zote haziongei mpaka binti yake aseme.

Siku ya simu tulikuwa naye kikaoni, watu sita mezani. Alipoona ni baba yake akapokea, na sauti ya mzee ilikuwa kubwa kiasi kwamba sote tulisikia. Alikuwa dirishani kwa karani wa vitambulisho, na karani anamwambia mfumo haulikubali jina lake mpaka kialama kitolewe.

"Nimemwambia binti yangu ndiye anayewapangia sheria hizo," mzee akasema. "Nimeweka simu wazi, anakusikia. Hebu mwambie."

Tulimwona akiinamisha uso. Sisi tulioifanyia kazi kanuni ile tulijua imeandikwa nini, naye alijua kwamba tunajua. Angeweza kusema ukweli. Badala yake akasema, "Baba, huyo hajui kazi yake. Mwambie amwite mkubwa wake."

Kwenye simu tukasikia foleni ikichangamka, mzee akirudia maneno yale kwa sauti ya ushindi, na sauti nyembamba ya msichana ikijitetea kwamba yeye anaandika tu kile mashine inachokubali. Halafu mkubwa akaja, akaanza kumkaripia msichana palepale. Mama Kanuni akakata simu. Kikao kikaendelea, lakini hakuna aliyemtazama usoni.

Jioni alikwenda kwa baba yake. Baadaye alinieleza kwamba alimkuta kibarazani akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, na kitambulisho kipya kiko mezani, jina limekatwa. Akamweleza yote, hata kile kicheko cha wahandisi.

Mzee akaikamua brashi kwenye kitambaa. "Kwa hiyo yule binti wa dirishani alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimemtukana mbele za watu."

Kuhusu jina lake hakusema neno. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira haikuja.

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye ile ofisi kumwomba karani radhi. Wakaambiwa amehamishwa, na hakuna aliyetaka kusema amepelekwa wapi.

Mama Kanuni akarudi kwa kundi lake na kuipinga kanuni yake mwenyewe. Alimtafuta yule mhandisi wa mbali, akamwomba msamaha hadharani, na mtu yule akajibu kwa mstari mmoja tu kwamba alikwisha kusahau, jambo ambalo hakuliamini. Ubishi ulichukua miaka. Safari hii walipocheka, walimcheka yeye. Mwishowe kanuni mpya ikapita, kialama kikaruhusiwa, na ofisi moja baada ya nyingine ikaanza kubadilisha mfumo wake.

Alimpelekea baba yake habari hiyo akitaka waende wakabadilishe kitambulisho. Mzee akasema miguu yake haitaki foleni tena.

"Na jina lako, umeshalirudisha?" akamuuliza.

Hakuwa amelirudisha. Sifa zake zote zilikuwa chini ya lile jina lililokatwa, na alihofia watu watadhani ni mtu mwingine. Alilirudisha mwezi uleule, na kweli wapo wanaodhani hivyo.

Siku hizi akiwa na shughuli kwenye ofisi yoyote ya serikali, kwanza husoma nyuso za makarani dirishani. Hajawahi kumwona yule msichana, ila alisikia sauti yake. Nilimuuliza atamtambuaje. Akaniambia anangoja wamsemeshe.