Mti wa Pasheni Ambao Mzee Alikataa Kukata

Hii nimejionea mwenyewe, na mnajua macho yangu huona Thika nikiwa nimekaa Ruiru. Nilikuwa kwa agrovet, duka la dawa za shamba, nikitafuta dawa ya nyigu, nyigu wakubwa kama kuku, mzee mmoja wa Mugutha akaingia na jani la pasheni mkononi.

"Huu mti umeshika ukuta wa nyumba, siafu wanaupandia mpaka wanaingia kwa dirisha," akamwambia msichana wa duka. "Tangu hili jua lianze, silali."

"Si uukate tu, baba. Kitu kisiguse ukuta."

Mzee akalaza jani kwa kaunta, akalinyoosha na kidole pole pole. "Sikati. Bibi yangu aliupanda akienda kazi Saudia. Nataka akirudi aukute."

Hapo simu yake ikalia. Ni bibi, na swali la kwanza ni, "Mti wangu uko?"

"Uko," mzee akasema, akageuka akaangalia ukuta.

Msichana akamwelekeza autoe kwa ukuta, aufunge kwa nguzo, halafu nguzo aipake grisi siafu wasipande. Mzee akatoka na mkebe wa grisi ameukumbatia kama mtoto.

Mimi dawa nimenunua za kumaliza wadudu wa Kenya nzima. Ya kubakisha kitu sijawahi kuulizia.

Lakini nyinyi mnanijua. Hiyo simu nimeiongeza mimi. Mzee aliweka tu simu yake kwa kaunta, akawa anaiangalia angalia mpaka akaondoka, na haikulia.